Kupima kama maskini na tajiri wanapata huduma za hospitali kwa haki: hatua kwa hatua

Tuseme takwimu zinaonyesha kwamba katika tabaka la maskini zaidi watu 40 kati ya kila 1,000 walilazwa hospitali kwa mwaka, na katika tabaka la matajiri zaidi watu 80. Hiyo ni tofauti. Kama ni dhuluma au siyo, bado haijulikani. Huenda tabaka la juu lina wazee wengi, na mzee hulazwa mara nyingi kuliko kijana. Huenda maskini ndio wanaougua zaidi, na hapo pengo la kweli ni kubwa kuliko hilo la 40 kwa 80. Kipimo cha haki hutenganisha mambo hayo: kinauliza kama watu wenye hitaji sawa la matibabu wanapata matibabu sawa, mfuko wao uwe mzito au mwepesi. Hesabu yenyewe si ngumu, na kwa mfano mdogo kikokotoo kinatosha. Makosa mengi huingia kabla ya hesabu, pale mtu anapochagua kipimo cha utajiri na kipimo cha hitaji, kwa hiyo hatua hizo ndizo zimeelezwa kwa urefu hapa.

Hatua ya 1: Taja huduma moja

"Huduma za hospitali" ni kapu lenye vitu visivyofanana. Chagua: kumwona daktari bingwa kama mgonjwa wa nje, kulazwa kwa mpango, kulazwa kwa dharura, upasuaji fulani, au siku za kusubiri tangu rufaa iandikwe hadi matibabu yaanze. Ukizichanganya, pengo la huduma moja linaweza kufutwa na pengo la kinyume katika nyingine, na jibu likatoka sifuri wakati pande zote mbili zina shida.

Jihadhari hasa na kulazwa kwa dharura. Maskini wakionekana kulazwa sana kwa pumu, kisukari au shinikizo la damu, usiharakishe kusifu hospitali kwa kuwajali. Magonjwa hayo kwa kawaida hudhibitiwa kwenye zahanati na kituo cha afya. Mtu kufikishwa wodini na pumu mara nyingi ni dalili kwamba huduma ya chini yake ilimkosa. Upasuaji wa kujifungua nao una mtego wake: maskini wanaweza kuukosa wanapouhitaji huku matajiri wakifanyiwa bila sababu ya kitabibu, na fahirisi moja (namba moja inayofupisha pengo) haiwezi kukwambia lipi kati ya hayo mawili limezalisha pengo.

Kama unapima idadi ya mahudhurio, igawe mara mbili: je, mtu alifika hata mara moja, na kwa waliofika, walikwenda mara ngapi. Mara ya kwanza huamuliwa zaidi na mgonjwa, nauli yake na ada ya mlangoni. Mahudhurio yanayofuata huamuliwa kwa kiasi kikubwa na daktari anayempangia tarehe ya kurudi. Pengo likiwa kwenye sehemu ya kwanza, dawa yake si ile ya pengo lililo kwenye sehemu ya pili.

Hatua ya 2: Amua takwimu zitoke wapi

Chaguo kubwa ni mbili, utafiti wa kaya au kumbukumbu za hospitali.

Utafiti wa kaya unampata pia ambaye hakufika hospitali, na hiyo ndiyo faida isiyo na mbadala. Udhaifu wake ni kumbukumbu ya mhojiwa. Kulazwa ni tukio zito, kwa hiyo kuuliza kuhusu miezi 12 iliyopita kunafaa. Kwa mahudhurio ya nje, wiki 2 hadi 4 ndicho kipindi cha kawaida. Ukivuka hapo watu husahau, na hawasahau kwa kiwango kilekile katika matabaka yote. Pia utafiti hauwahoji waliofariki, na kama maskini ndio waliokufa zaidi kwa kukosa matibabu, pengo lao limezikwa pamoja nao.

Kumbukumbu za hospitali zina wagonjwa wengi na utambuzi wa ugonjwa ulioandikwa na daktari. Zinachokosa ni kipato. Njia inayotumika ni kuchukua makazi ya mgonjwa na kumpa alama ya umaskini ya eneo lake. Njia hiyo inakubalika maeneo yakiwa madogo. Yakiwa makubwa, tajiri anayeishi katikati ya maskini anahesabiwa maskini, na pengo linapungua kwenye karatasi tu. Tena, usigawanye wagonjwa kwa wagonjwa. Kigawanyo lazima kiwe idadi ya wakazi wote wa eneo, kwa umri na jinsia, kutoka kwenye sensa. "Asilimia 30 ya wagonjwa wetu ni maskini" ni sentensi isiyopima chochote mpaka ujue maskini ni asilimia ngapi ya watu wanaopaswa kuhudumiwa.

Hatua ya 3: Wapange watu kutoka maskini hadi tajiri

Kipimo kinahitaji foleni: wa kwanza ni maskini kuliko wote, wa mwisho ni tajiri kuliko wote. Foleni hiyo hupangwa kwa moja ya njia tatu.

Kipato kinafaa penye ajira rasmi nyingi. Pale ambapo watu wengi wanalima au wanajiajiri, matumizi ya kaya yanaaminika zaidi. Kwa vyovyote vile usigawanye kwa idadi ya vichwa peke yake, kwani mtoto hali chakula kingi kama mtu mzima, na nyumba au jiko moja huhudumia wengi. Mizani rahisi ni kugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wanakaya: kaya ya watu 4 inagawanywa kwa 2. Mizani nyingine maarufu humpa mtu mzima wa kwanza 1, kila mwingine mwenye miaka 14 au zaidi 0.5, na kila mtoto chini ya hapo 0.3.

Kuna kosa linalojirudia hapa. Kaya iliyouza ng'ombe au kukopa ili ilipe bili ya hospitali huonekana na matumizi makubwa mwaka huo, kwa hiyo inapanda foleni na kuhesabiwa tajiri kwa sababu ya ugonjwa uleule unaoifilisi. Toa gharama za matibabu kwenye jumla ya matumizi kabla ya kupanga foleni.

Njia ya tatu ni fahirisi ya mali, yaani aina ya sakafu, umeme, redio, pikipiki, jokofu na kadhalika, kila kimoja kikipewa uzani kwa uchanganuzi wa vijenzi vikuu (njia ya takwimu ya kufupisha vitu vingi kuwa alama chache), kisha kijenzi cha kwanza kikachukuliwa kuwa alama ya utajiri. Wachumi Filmer na Pritchett waliieneza mwaka 2001 na leo ni ya kawaida katika tafiti za kaya. Inapotosha kwa namna mbili. Mali nyingi zinazoulizwa ni za mjini, hivyo mkulima mwenye mifugo mingi anaangukia chini. Weka ardhi na mifugo, au tengeneza alama za mjini na vijijini kando. Pili, maji na choo huathiri ugonjwa moja kwa moja. Ukiviweka kwenye fahirisi, umechanganya umaskini na chanzo cha maradhi. Fanya hesabu pamoja navyo, kisha bila navyo, uone kama jibu linabadilika.

Watu wakifungana alama, na kwenye fahirisi ya mali watafungana wengi, wape wote wastani wa nafasi zao. Programu inayowapanga kwa mpangilio wa faili hutoa jibu jipya kila mpangilio huo unapobadilika.

Hatua ya 4: Pima hitaji

Hapa ndipo kazi inaposimama au kuanguka. Vipimo vya hitaji vinavyotumika sana ni umri, jinsia, afya jinsi mtu anavyoieleza mwenyewe, maradhi ya kudumu, na kama anashindwa kufanya shughuli za kila siku. Tumia kadhaa kwa pamoja. Umri uingie kwa makundi, au pamoja na mraba wake, kwa sababu mstari ulionyooka hautoshi: watoto wachanga na wazee wote wanahitaji zaidi ya vijana.

Usitumie swali la "daktari amewahi kukwambia una kisukari?" kama kipimo pekee cha hitaji. Asiyefika kwa daktari hajaambiwa kitu. Kipimo hicho kinamwona maskini ni mzima kwa sababu hajapimwa, kisha kinasema hakuna pengo. Hata "afya yako ni nzuri, ya wastani au mbaya?" ina upendeleo: aliyezoea maumivu ya mgongo miaka 20 atajibu "nzuri". Swali la vitendo, kama kupanda ngazi au kubeba ndoo ya maji, halidanganyi sana kama hilo, na vipimo vya mwili kama shinikizo la damu ndivyo bora kama bajeti inaruhusu.

Kisha endesha regresheni, yaani hesabu inayokadiria mchango wa kila jambo kwenye matumizi ya huduma, mengine yakishikiliwa sawa. Upande wa kushoto weka huduma uliyochagua. Kulia weka vipimo vya hitaji pamoja na mambo yasiyo hitaji: kipato, elimu, bima, umbali wa hospitali. Wengi huacha kundi hilo la pili wakidhani linaharibu. Ukiliacha, ugonjwa utabeba sehemu ya athari ya umaskini, maana maskini ndio wagonjwa, na hitaji la maskini litakadiriwa dogo kuliko lilivyo. Yaweke kwenye regresheni, kisha unapokadiria matumizi yanayotarajiwa kwa hitaji, mpe kila mtu wastani wa mambo hayo. Kinachobaki kutofautisha watu ni hitaji peke yake.

Matumizi yaliyosawazishwa ya kila mtu ni haya: matumizi halisi, toa yanayotarajiwa kwa hitaji, ongeza wastani wa wote.

Regresheni ya mstari ndiyo nyepesi na inajumlika vizuri. Kwa jibu la ndiyo au hapana, au idadi yenye sifuri nyingi, endesha pia logiti au modeli ya kuhesabu, ulinganishe. Fahirisi zikiachana sana, tafuta kasoro kwenye takwimu kwanza kabla ya kuchagua modeli unayoipenda.

Hatua ya 5: Kokotoa fahirisi

Fahirisi ya mkusanyiko ni mara mbili ya uhusiano-tofauti (covariance, kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyopanda na kushuka pamoja) kati ya huduma na nafasi kwenye foleni, ikigawanywa kwa wastani wa huduma. Nafasi huenda kutoka 0 hadi 1, mtu wa i kati ya n ana nafasi (i − 0.5)/n. Jibu hasi lina maana huduma imeelemea kwa maskini, chanya imeelemea kwa matajiri, na mipaka yake ni −1 na +1.

Mfano wa kubuni, watu 1,000 katika matabaka matano ya watu 200 kila moja:

| Tabaka | Nafasi ya kati | Waliolazwa | Waliotarajiwa kwa hitaji | Iliyosawazishwa |
|---|---|---|---|---|
| 1 (maskini zaidi) | 0.1 | 8 | 15 | 5 |
| 2 | 0.3 | 10 | 13 | 9 |
| 3 | 0.5 | 12 | 12 | 12 |
| 4 | 0.7 | 14 | 11 | 15 |
| 5 (tajiri zaidi) | 0.9 | 16 | 9 | 19 |
| Jumla | | 60 | 60 | 60 |

Matabaka yakiwa sawa kwa ukubwa, zidisha kila idadi kwa nafasi yake, jumlisha, gawanya kwa jumla ya waliolazwa, zidisha kwa 2, toa 1. Kwa waliolazwa: 0.8 + 3 + 6 + 9.8 + 14.4 = 34; 34/60 = 0.567, fahirisi ni 0.133. Kwa hitaji: 27.2/60 = 0.453, fahirisi ni −0.093, maana hitaji limeelemea kwa maskini. Kipimo cha dhuluma ni ya kwanza ukitoa ya pili: 0.133 − (−0.093) = 0.227 baada ya kukadirisha. Hakiki kwa safu ya mwisho: 36.8/60 = 0.613, mara 2 toa 1, tunarudi 0.227. Namba hizi mbili zisipolingana kwenye regresheni ya mstari, kuna uzani au kaya iliyopotea njiani.

Pengo halisi basi linakaribia mara mbili ya lililoonekana mwanzo. Ukitaka kulieleza kwa mkuu wa idara asiyependa fahirisi, zidisha kwa 75: takriban asilimia 17 ya kulazwa kote ingebidi ihamishwe kutoka nusu ya matajiri kwenda nusu ya maskini ili fahirisi ifike sifuri. Njia nyingine ni mteremko: chora mstari wa viwango vilivyosawazishwa dhidi ya nafasi. Hapa unatoa tofauti ya watu 85 kwa kila 1,000 kati ya mkia na kichwa cha foleni.

Chora pia mkunjo: mlalo uwe asilimia ya watu kuanzia maskini, wima asilimia ya huduma waliyopata. Mkunjo ukiuvuka mshazari wa usawa, fahirisi inaweza kuwa sifuri wakati watu wa katikati ndio walioachwa. Fahirisi haitakuonyesha hilo, mchoro utakuonyesha.

Hatua ya 6: Rekebisha kwa jibu la ndiyo au hapana

Kulazwa ni ndiyo au hapana, na hapo fahirisi ya kawaida huyumba. Kwenye mfano wetu, fahirisi ya kulazwa ni 0.133, lakini ukipima kutolazwa kwa watu walewale unapata −0.0085. Takwimu ni zilezile, ukubwa wa pengo mbili. Marekebisho ya mchumi Wagstaff hugawanya kwa (1 − wastani): 0.133/0.94 = 0.142. Ya mchumi Erreygers huzidisha kwa mara 4 ya wastani: 4 × 0.06 × 0.133 = 0.032. Yote mawili hutoa ukubwa uleule ukigeuza swali, lakini hayakubaliani, kwa sababu la pili linapima tofauti halisi ya viwango na la kwanza lina mtazamo wa uwiano. Chagua moja kabla ya kuona majibu, liseme wazi, na kila mara andika wastani kando yake ili msomaji aweze kujihesabia lingine. Kulinganisha hospitali au miaka yenye viwango tofauti vya kulazwa bila kutaja marekebisho ni kubishana juu ya hewa.

Hatua ya 7: Usitangaze kabla ya kujua mashaka

Rudi kwenye tabaka la kwanza, waliolazwa 8. Kwa bahati nasibu peke yake, idadi ya 8 ina mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ya takriban 3 hadi 16. Hitaji lilitarajia 15. Kwa watu 1,000, basi, tabaka hilo likitazamwa peke yake halithibitishi kitu, ingawa mwelekeo wa matabaka yote matano ukichukuliwa pamoja una nguvu zaidi. Kulazwa ni tukio adimu, kwa hiyo sampuli ya maelfu kadhaa ndiyo ya kuanzia, na ukitaka kugawanya tena kwa jinsia au mkoa, ongeza.

Kama sampuli ina uzani (yaani kila mhojiwa anawakilisha idadi yake ya watu), nafasi ya mtu kwenye foleni ni jumla ya uzani wa wote walio chini yake pamoja na nusu ya uzani wake, vyote vikiwa sehemu ya jumla kuu. Kusahau uzani kwenye nafasi huku ukiukumbuka kwenye wastani ni kosa la kawaida mno. Mashaka yakadirie kwa kuchota sampuli upya, mara 500 hadi 1,000, ukichota maeneo mazima ya utafiti na wala si mtu mmoja mmoja, na kila mchoto urudie kazi yote kuanzia regresheni ya hitaji. Kwa wanaotumia programu ya takwimu ya Stata, amri ya conindex inafanya fahirisi na marekebisho yake. Regresheni ya hitaji utaiandika mwenyewe.

Hatua ya 8: Vunja pengo vipande

Kwa kila jambo lililo kwenye regresheni, zidisha mgawo wake (namba ambayo regresheni imelipa jambo hilo) kwa wastani wake, gawanya kwa wastani wa huduma, kisha zidisha kwa fahirisi ya mkusanyiko ya jambo hilo. Unapata mchango wake. Bima inaweza kuwa na mgawo mkubwa lakini mchango mdogo ikiwa maskini na matajiri wanayo kwa usawa. Vipande hivi ni maelezo ya mahali pengo lilipokaa, na havithibitishi kwamba ukigawa bima pengo litaondoka.

Hatua ya 9: Watafute wasioonekana

Njia yote hii huchukua wastani wa matibabu yanayotolewa sasa kuwa kiwango cha haki. Wote wakinyimwa kwa pamoja, fahirisi itasoma sifuri. Kwa hiyo ongeza maswali mawili kwenye hojaji. La kwanza: "Katika miezi 12 iliyopita, kuna wakati ulihitaji matibabu ya hospitali ukayakosa?" na sababu yake: gharama, umbali, foleni, hofu, au kungoja nafuu. Asilimia ikokotolewe kwa wale waliosema walihitaji, na ile ya watu wote iwekwe kando yake, kwani kigawanyo kikibadilika hata mwelekeo unaweza kugeuka.

La pili ni gharama za mfukoni, ukihesabu kaya zilizotumia zaidi ya asilimia 10, na zaidi ya asilimia 25, ya matumizi yote ya kaya kwa matibabu. Hapa, tofauti na hatua ya 3, gharama za matibabu zinabaki ndani ya jumla. Soma namba hizo pamoja na swali la kwanza: kaya iliyoona bei ikarudi nyumbani imetumia sifuri, na kwenye jedwali la gharama inaonekana imelindwa vizuri kabisa.